Mbwa Hapatani na Kroketi Zake: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Gunia

Zamani isiyo ya mbali, mbwa wa Lubumbashi, huku kwetu Kongo, alikula bukari (ugali) iliyobaki usiku, mchuzi kidogo na vichwa vya samaki, na hakuna aliyejiuliza chakula hicho kina protini kiasi gani. Siku hizi kroketi, yaani chakula kikavu cha mbwa cha vidonge, zinapatikana katika maduka makubwa ya katikati ya mji, kwa madaktari wa mifugo, na hata sokoni, ambako huuzwa kwa kipimo kutoka katika gunia lililo wazi. Pamoja nazo umezuka mtindo mpya miongoni mwetu tunaofuga mbwa: akihara, tunabadilisha gunia, akijikuna, tunabadilisha gunia, akisusa bakuli siku moja, tunabadilisha gunia. Baada ya miezi mitatu mnyama amekwisha kuonja aina tano, na hakuna awezaye kusema ni ipi iliyomdhuru, wala kama kweli kosa lilikuwa la chakula.

Mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu mwingine. Kwa kila dalili tutauliza kwanza kama chanzo ni chakula au ni ugonjwa. Kisha kama kosa ni la gunia hili moja lililoharibika, au la namna tunavyolisha. Na mwisho ndipo tutauliza kama aina yenyewe ya kroketi haimfai mbwa huyu. Swali hilo la mwisho ndilo watu hupenda kuanza nalo, na kwa niliyoyaona ndilo linalojibiwa "ndiyo" mara chache kuliko yote.

Dalili zisizongoja jaribio la chakula

Ziko hali ambazo haifai kupoteza dakika ukisoma maandishi ya gunia, bali mnyama apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, akihara damu na kutapika, anaweza kuwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoweza kumuua kwa siku chache kwa kumkausha maji mwilini. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama wale wa ulinzi wa Kijerumani tunaowaita berger allemand, akivimba tumbo ghafla, akahangaika na kujaribu kutapika bila kutoa kitu, huenda tumbo lake limejaa hewa na kujipinda. Hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Mbwa mwenye fizi za manjano naye hangojwi, na habari zake tutazirudia mbele kwa sababu wakati mwingine chanzo kimo ndani ya gunia.

Kuna hali ya nne ambayo watu huidhania kuwa ni kususa chakula. Mbwa asiyeweza kumeza, anayetokwa na mate mengi, aliyebadilika sauti ya kubweka au tabia, huenda ana kichaa cha mbwa. Wengi hufikiri mfupa umemkwama kooni, wakamtia mkono kinywani kuutafuta. Usifanye hivyo hata kama ni mbwa uliyemlea tangu akiwa kiganjani. Mfungie mahali pa peke yake na umwite daktari. Na kama ameuma mtu, au mate yake yamegusa kidonda, mahali hapo paoshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali pasipo kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Kinyesi laini na kuhara

Hii ndiyo lawama ya kwanza dhidi ya kroketi, na swali lake la kwanza ni la kalenda: kuhara kulianza siku gani, na gunia jipya lilifunguliwa siku gani? Ikiwa kulianza siku moja hadi tatu baada ya kubadilisha chakula, kosa linaweza lisiwe la chakula kipya wala la zamani, bali la haraka. Vijidudu vinavyoishi katika utumbo wa mbwa huzoea kile anachokula kila siku, na vinahitaji muda kuzoea kingine. Mabadiliko hufanywa kwa siku 7 hadi 10: siku za mwanzo robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu kwa robo, ndipo chakula kipya peke yake. Kwa hiyo, anayengoja gunia liishe kabisa ndipo akanunue jingine la aina tofauti amejinyima nafasi ya kuchanganya. Nunua jipya wakati la zamani lingali na chakula cha wiki moja.

Kama tayari anahara lakini ni mchangamfu, anakunywa maji na hana damu katika kinyesi, mrudishe kwenye chakula cha zamani ikiwa kipo. Kama hakipo, mpe wali mweupe na kuku aliyechemshwa bila ngozi, bila chumvi na bila kitunguu kwa siku mbili tatu, kisha anza kuchanganya polepole. Neno "bila kitunguu" lichukuliwe kwa uzito. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, nacho kimo katika karibu kila mchuzi tunaopika.

Ikiwa kalenda haina la kusema, yaani mbwa amekula kroketi zile zile kwa miezi na sasa kinyesi kimelegea, angalia kipimo na angalia nani mwingine anamlisha. Hapa ninazungumza kama mtu aliyekosea. Nina mbwa anayeitwa Sultani, chotara wa berger allemand, kilo 30, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa na kinyesi laini kila asubuhi. Nililaumu kroketi, nikamwacha mwuzaji mmoja nikaenda kwa mwingine, nikalipa ghali zaidi, na hali ikabaki ile ile. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikatoka uani na taa ya simu, na karibu na kibanda cha lango nikamkuta Sultani ameinama juu ya bakuli la plastiki la bluu nisilolijua, analamba ukoko wa bukari uliolowa mchuzi wa ndakala (dagaa). Mlinzi wetu, mzee mwenye heshima zake, hakuona aibu yoyote. "Papa," aliniambia, "anashindaka macho na miye usiku muzima, nitakula miye peke yangu namna gani?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana tu kwamba kuanzia siku hiyo sehemu ya kroketi za jioni nitampimia yeye, naye atampa rafiki yake wakati wa chakula chake cha usiku, na bukari ikome. Baada ya siku tano kinyesi kilikuwa kigumu, na nilikuwa nimerudi kwenye kroketi za kwanza.

Kuhusu kipimo, ukubwa wa kopo haukuambii kitu, kwa sababu kroketi nyepesi zilizojaa hewa na zile nzito hazina uzito mmoja katika kopo moja. Tumia mizani ya jikoni angalau mara ya kwanza, kisha weka alama kwenye kopo. Madaktari wa mifugo hukadiria nishati inayohitajika mwili ukiwa umepumzika kwa kuzidisha 70 kwa uzito wa mbwa uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75, kisha wakazidisha kwa 1.6 kwa mbwa mzima aliyehasiwa, au kwa 1.8 hivi kwa asiyehasiwa. Kwa asiyependa hesabu: mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa anahitaji kama kilokalori 1,060 kwa siku, na wa kilo 30 kama 1,435. Kroketi nyingi zina kilokalori kati ya 330 na 400 katika gramu 100, kwa hiyo tukichukua 350, wa kwanza atatosheka na gramu 300 hivi, na wa pili gramu 410, zikigawanywa mara mbili kwa siku. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Mbwa wawili wenye uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana.

Chanzo kingine ni minyoo, hasa kwa mbwa wanaolala nje na kula wanachookota. Kupima kinyesi kwa darubini ni gharama ndogo kuliko gunia la kilo 20, na mbwa mzima anayeishi uani hupewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Ikiwa hayo yote yamefanyika, na kwa wiki tatu kinyesi bado ni laini au ni kingi kupita kiasi, sasa ndipo aina ya kroketi inaposhukiwa kwa haki, na ndipo lebo inapofaa kusomwa.

Lebo inasema nini, na inaficha nini

Sokoni nilipewa maelezo mafupi: "Papa, hii njo ya muzuri, iko na nyama mingi." Huenda ilikuwa kweli. Lakini kroketi zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na maandishi, na chakula kisicho na lebo hakina tarehe, hakina orodha ya viungo, wala hakikuambii kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa mbwa au mbwa mzima. Ukilazimika kununua kwa kipimo, omba kuliona gunia lenyewe na ulipige picha kwa simu, mbele na nyuma.

Viungo huandikwa kwa kufuata uzito wake kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ana maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, hivyo anaweza kusimama wa kwanza katika orodha ilhali, baada ya kukaushwa, mchango wake ni mdogo kuliko unavyodhani. Unga wa kuku, kwa upande mwingine, umekwisha kukaushwa, na ukiwa wa pili au wa tatu unaweza kuwa ndio unaobeba protini nyingi. Watengenezaji wengine huligawa zao moja katika majina matatu, kwa mfano mahindi, unga wa mahindi na gluteni ya mahindi, ili kila moja lionekane dogo na nyama ipande juu. Maneno "sous-produits animaux", yaani mazao ya ziada ya wanyama, hayana ubaya kwa yenyewe, maana ini na moyo ni mabaki ya machinjioni na ni chakula bora. Tatizo ni kwamba hayakuambii ni mnyama gani, na mbwa mwenye mzio huwezi kumsaidia kwa lebo ya namna hiyo.

Kabohaidreti haiandikwi mara nyingi, lakini unaweza kuipata kwa kutoa. Tuseme gunia linaonyesha protini 21, mafuta 9, unyevu 10, majivu (yaani madini) 8 na nyuzinyuzi 4: jumla ni 52, na asilimia 48 zilizobaki ni wanga. Gunia la pili lina protini 27, mafuta 15, unyevu 9, majivu 7 na nyuzinyuzi 3: wanga ni 39. Wanga si sumu kwa mbwa, kwa maana ule wa kroketi hupikwa kwa mvuke na mgandamizo ndani ya mtambo mpaka ukawa rahisi kumeng'enywa. Lakini gunia lenye majivu na nyuzinyuzi nyingi hutoa kinyesi kingi, na mbwa anayejaza koleo kila asubuhi anakuambia kwamba sehemu kubwa ya pesa zako imepita tu. Kwa mbwa mwenye utumbo dhaifu, tafuta chakula cha mafuta ya wastani chenye mnyama aliyetajwa kwa jina, na uache kile cha mafuta ya asilimia 20 kwa mbwa wa kazi nzito.

Kroketi nyingi tunazoziona hapa hutoka Afrika Kusini kupitia Zambia. Zile zilizosajiliwa huko hubeba nambari inayoanza na herufi V pamoja na maneno yanayotaja Sheria Nambari 36 ya mwaka 1947. Usajili huo hauthibitishi kwamba chakula kitampendeza Sultani wako, ila unathibitisha kwamba kuna mtu anayejulikana anayekiwajibikia. Ama maneno ya "daraja la juu" na picha za mbwa mwitu mlimani, hayo hayapimwi na mtu yeyote. Vivyo hivyo rangi nyekundu na kijani za vidonge: mbwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na rangi hizo zimewekwa kwa ajili ya macho yetu sisi wanunuzi.

Kususa bakuli

Mbwa aliyekuwa mlaji mzuri akiacha kula ghafla, kamata kwanza kipimajoto na utazame fizi. Kupe wa hapa kwetu huambukiza babesia, ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu, na dalili yake ya awali mara nyingi ni hiyo tu: amelala, hataki kula. Joto la mbwa mzima mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, likipita 39.5 akiwa ametulia kivulini, fizi zikiwa nyeupe au mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, daktari anahitajika, na hakuna kroketi itakayosaidia. Kisha angalia meno. Mbwa mzee mwenye jino bovu hukaribia bakuli, hulinusa, huchukua kidonge kimoja na kukiangusha. Huyu ana njaa lakini anaumia, na kuloweka kroketi katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi kutakujulisha mara moja.

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza vizuri, mbwa wengi wa mji huu hupunguza kula mchana kwa sababu ya joto. Sogeza mlo uwe alfajiri na jioni, usibadilishe kitu kingine.

Baada ya hapo, nusa gunia. Vidonge vya kroketi hupuliziwa mafuta baada ya kukaushwa, na mafuta hayo ndiyo yanayovipa harufu na ladha. Pia ndiyo ya kwanza kuharibika. Gunia lililokaa siku nyingi ndani ya lori kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, chini ya turubai na jua, linaweza kufika dukani likiwa na tarehe nzuri kabisa na mafuta yaliyochacha. Harufu yake inafanana na ile ya mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi mno, au rangi ya zamani ya kupakia mbao. Pua ya mbwa huigundua kabla yako. Linganisha: fungua gunia jingine la aina ile ile kutoka duka tofauti, umpe kiganja kimoja. Akila la pili na kususa la kwanza, aina haina kosa, gunia ndilo lenye kosa, na unayo haki ya kulirudisha.

Nyumbani, acha kroketi ndani ya gunia lake la asili, ulikunje na kulibana, kisha ulitie lote ndani ya pipa lenye kifuniko. Anayezimimina moja kwa moja katika pipa la plastiki huacha mafuta ya zamani yakigandamana ukutani na kuchachisha shehena inayofuata, na pia hupoteza nambari ya toleo ambayo ataihitaji siku ya matatizo. Mahali pawe pakavu na pasipozidi nyuzi 27 za joto, jambo ambalo linaondoa moja kwa moja stoo ya mabati. Gunia lililofunguliwa liishe ndani ya wiki sita hivi. Kwa mbwa mmoja wa kilo 10 anayekula gramu 180 kwa siku, wiki sita ni kilo saba na nusu tu. Gunia la kilo 20, japo ni nafuu kwa kilo, litamfanya ale chakula kilichochacha kwa zaidi ya miezi miwili. Fahamu pia kwamba kroketi zilizohifadhiwa kwa vitamini E hudumu muda mfupi kuliko zile zenye kemikali kama BHA, na anayechagua za kwanza anapaswa kununua magunia madogo.

Ikiwa ni mzima, gunia ni zuri, na bado anasusa, tazama kinachoanguka kutoka mezani. Mbwa aliyegundua kwamba akisusa kroketi ataongezewa nyama si mgonjwa, ni mwerevu. Weka bakuli kwa dakika 20, liondoe, usimpe kitu mpaka mlo unaofuata. Mbwa mzima mwenye afya hatadhurika kwa mlo mmoja. Mtoto wa mbwa na mgonjwa wasifanyiwe hivyo.

Kujikuna, masikio mekundu, kulamba nyayo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Viroboto kwanza: pitisha kitana chenye meno ya karibu mgongoni karibu na mkia, pangusa uchafu uliotoka juu ya karatasi nyeupe iliyolowa, na ukiona alama za rangi ya damu iliyokauka, hayo ni mavi ya viroboto. Kisha upele unaoletwa na vijidudu vya ngozi, ambao daktari huutafuta kwa kukwangua ngozi. Kisha mzio wa vumbi, majani na chavua, ambao huzidi katika majira fulani ya mwaka. Kujikuna kunakosababishwa na chakula hakujui masika wala kiangazi. Kupo mwaka mzima, na mara nyingi huambatana na masikio yanayouma tena na tena au tumbo lisilotulia.

Katika mbwa waliothibitishwa kuwa na mzio wa chakula, vinavyotajwa mara nyingi zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Tazama kwamba vitatu vya mwanzo vinatokana na mnyama. Ndiyo maana kukimbilia kroketi "zisizo na nafaka" kwa sababu mbwa anajikuna ni kubahatisha: unaondoa mahindi yasiyo na hatia na kumwacha kuku pale pale. Zaidi ya hayo, Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza kesi za ugonjwa wa misuli ya moyo kwa mbwa waliokula vyakula ambavyo vingi havikuwa na nafaka na vilikuwa na njegere au dengu kwa wingi. Uhusiano huo haujathibitishwa kuwa chanzo, lakini mimi, nisiye na sababu ya kumnyima mbwa nafaka, sioni kwa nini nilipie zaidi ili niingie katika mashaka hayo.

Jaribio la kweli ni moja: protini ambayo mbwa hajawahi kuila, au kroketi za daktari ambazo protini yake imevunjwavunjwa, kwa wiki nane mfululizo, bila mfupa, bila mkate, bila kiganja cha kapenta (dagaa) kutoka kwa watoto. Akipona, rudisha chakula cha zamani; akianza tena kujikuna ndani ya siku au wiki mbili, umepata ushahidi. Bila hatua hiyo ya kurudisha, huna hakika ya lolote, kwani huenda viroboto ndio walioondoka.

Kukonda, kunenepa, na hewa

Mbavu ndizo mizani. Ukipitisha vidole ubavuni bila kukandamiza, unapaswa kuzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako kilichofunguka. Ukizihisi kama vifundo vya ngumi, amekonda, usipozihisi, amenenepa. Punguza au ongeza sehemu moja ya kumi ya chakula, ungoje wiki mbili, upime tena. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi ukiwa na baridi ya kuuma, mbwa anayelala kwenye sakafu ya saruji huchoma nishati nyingi kujipasha joto, na asipoongezwa atakonda kwa kroketi zile zile zilizomtosha Machi. Ubao na gunia la katani chini yake huokoa chakula kingi. Hewa tumboni, ikiwa ni ya kunuka tu na mbwa ni mzima, mara nyingi huletwa na kula kwa pupa au na soya na kunde nyingi katika kroketi. Mtawanyie vidonge juu ya sinia pana kabla hujafikiria aina nyingine.

Mtoto wa mbwa mkubwa anayechechemea

Hapa aina ya kroketi ni jambo la msingi, tofauti na sehemu nyingine zote za mwongozo huu. Viwango vya Marekani vinavyofuatwa na watengenezaji wengi vinataka protini isiyopungua asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua na 18 kwa mbwa mzima, ikihesabiwa bila unyevu. Kwa hiyo kroketi za mbwa mzima zinaweza kumpunja mtoto. Lakini kwa mtoto atakayefikia kilo 32 na zaidi, hatari kubwa iko upande wa pili. Kalsiamu isizidi asilimia 1.8, kwa sababu katika miezi ya mwanzo utumbo wake hauwezi kuikataa ile iliyozidi, na mifupa hukua vibaya. Chagua kroketi ambazo lebo yake inasema wazi kwamba ni za watoto wa mbwa wa jamii kubwa, na usiongeze unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu, hata kama jirani anaapa kwamba wake walikua hivyo. Kinyume chake, mtoto aliyelelewa kwa bukari na nyama tupu hukosa kalsiamu, na mifupa yake inaweza kuvunjika kwa kuruka ngazi mbili. Katika hali zote mbili, anayechechemea apigwe picha ya eksirei kwanza.

Fizi za manjano

Tulisema tutalirudia. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ile ile inayotutia wasiwasi katika unga wetu, na joto la kutengenezea kroketi haliiondoi yote. Marekani kiwango ambacho kikipitwa mamlaka huweza kuchukua hatua, katika chakula cha mbwa, ni mikrogramu 20 kwa kilo, na hata huko, Desemba 2020, kroketi ziliondolewa madukani baada ya mbwa wengi kufa. Sumu hii hupiga ini: mbwa husinyaa, hususa, hutapika, kisha fizi na macho huwa manjano. Huwezi kuinusa wala kuiona, na gunia lisilo na ukungu wowote linaweza kuwa nayo. Ukiishuku, acha chakula hicho papo hapo kwa mbwa wote wa nyumba, wala usiwamwagie kuku. Gunia lenyewe usilitupe.

Utakapokwenda kwa daktari, mpelekee gunia hilo au picha ya lebo yake yenye tarehe na nambari ya toleo, kroketi kiasi cha kikombe kimoja katika mfuko safi uliofungwa, kinyesi cha asubuhi hiyo, tarehe uliyofungua gunia na tarehe dalili ilipoanza, uzito wa mbwa, na gramu anazokula kwa siku. Na kabla hujatoka, pita kwenye kibanda cha lango umwulize mlinzi, kwa upole, mbwa alikula nini jana usiku.